Mwani Mwekundu Ulio Kijani

Mama Fundo, aliyebandikwa jina hilo kwa wepesi wake wa kufunga mwani kambani, alipewa kazi ya kusoma risala kwa kuwa haogopi mtu. Aliweka ndoo miguuni, akakunjua karatasi.

"Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mazao ya Bahari: sisi wanawake arobaini wa shamba hili tunakukaribisha. Viatu vikilowa utuwie radhi, ofisi yetu ni maji.

TULIKOTOKA
Tulianza na kamba tatu, leo ni mia mbili. Mmea huu tumeujua kwa vidole. Hauna mizizi wala maua, hujilisha kwa mwili mzima, na kipande kikifungwa kambani huwa mmea mwingine. Ute wake ndio unaoshikanisha dawa ya meno uliyopigia mswaki asubuhi.

CHANGAMOTO
Barua yako inatuagiza tung'oe mwani wote wa kijani kabla ya Ijumaa, kwamba ni magugu. Mheshimiwa, kosa hilo tulilianza sisi. Mwaka jana tuling'oa nusu ya shamba, tukidhani ukijani ni ugonjwa..."

Macho yake yakaruka mstari uliofuata. Aliyesema "ng'oeni" siku ile alikuwa yeye, na aibu ile bado ilimla.

"Soma, dada," katibu wa kikundi akamnong'oneza. "Usiruke hapo."

"...Vipande vilivyobaki tukavifunga kamba ya chini, kwenye maji yenye giza. Baada ya wiki kadhaa vikawa vyekundu. Wekundu ndio unaonasa mwanga hafifu wa kilindini. Juu, penye jua kali, mmea huupunguza, na ukijani uliokuwamo siku zote huonekana. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

OMBI
Tunalo moja tu. Futa agizo hilo."

Akainama, akatoa mmea kwenye ndoo, kijani juu, mwekundu chini, akamkabidhi mkurugenzi.

"Mmeunganisha miwili?" mkurugenzi akauliza.

"Ni mmoja, baba. Tafuta fundo."

Mkurugenzi akapapasa shina kutoka juu hadi chini, akarudia, maji yakimchuruzika mikononi. Hakupata fundo. Mama Fundo akamalizia karatasi yake.

"Mungu akujalie afya, na macho ya kuona hadi chini ya maji. Agizo likibaki, Ijumaa utatukuta hapa hapa, tunafunga, hatung'oi. Ni sisi, Kikundi cha Kamba ya Chini."