Fundi Kulow na Injini ya Ayeeyo

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Fundi Kulow Farah anastaafu baada ya kutumikia karakana yetu ya magari ya chanjo ya mifugo, hapa Garissa, kwa miaka thelathini na mitatu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi, Jirma, ndiye dereva niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Nimeombwa pia nitumie lugha ya furaha. Nitajaribu, ila wasomaji wajue mapema kwamba nimekasirika.

Aliajiriwa mwaka 1992 akiwa na spana mbili na suruali moja ya kazi. Siku hiyohiyo alikabidhiwa Land Rover ya mwaka 1968, ambayo wafugaji walikwisha kuiita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Mafuriko ya mwaka 1997 yalipomzamisha Ayeeyo, Kulow aliifungua injini yote na kuanika vipande nyumbani kwake mtaa wa Iftin, juu ya mkeka wa harusi wa mkewe Bilan. Siku ya tisa injini iliwaka. Mkeka haukutakata, na Bilan hajamsamehe hadi leo.

Spea zilipokosekana alikata gasketi za kuzibia injini kwa ngozi ya ngamia, nazo zilishika. Amefundisha mafundi kumi na wanne bila kumfukuza hata mmoja, ingawa wawili walistahili.

Sasa nifike kwenye kosa lake. Mwezi wa saba nilikwenda likizo kwetu Buna. Niliporudi sikumtambua Ayeeyo. Kulow alikuwa amemkata paa, amemshusha bodi hadi karibu na ardhi, amempaka rangi nyekundu na kumtia injini ya silinda nane iliyotoka kwenye gari la mkubwa mmoja lililopinduka. Boneti hakuirudisha, ili injini ionekane. Gari la kupita mchanga wa Kotile, kwa wafugaji wetu, lilikuwa limeshushwa kama la kumbeba bwana harusi.

Karakana iligawanyika. Mkuu wetu aliyeridhia kazi ile alipiga picha akiwa ameegemea mlango. Vijana walisema hatimaye tuna gari la kutazamwa. Mimi nilisema kurekebisha ni kazi na kupamba ni majivuno, na kwamba kitu kilichotufikisha kila mahali hakikuwa kikimdai mtu urembo. Kulow alinijibu, "Gari si maiti, walaal, ndugu yangu. Hapana faa kuifunga sanda." Alisema maisha yake yote amekuwa akitengeneza vitu vya watu wengine, na kabla ya kuondoka alitaka kutengeneza kitu kimoja chake. Jibu hilo lilinigusa, na likaniudhi zaidi.

Tarehe 14 Oktoba tulikwenda Kotile kuchanja mbuzi dhidi ya homa ya mapafu. Tulikwama mara nne. Tulipofika, uwanja ulikuwa mtupu. Kwa miaka yote wafugaji walimsikia Ayeeyo akikohoa kwa mbali wakaanza kukusanya mifugo. Safari hii walisikia ngurumo wasiyoijua. Mzee Khalif ndiye aliyetuambia: "Sisi nasikia hiyo kelele, nasema hii ni watu ya fita, nakuja na bunduki. Mbuzi yote naingia msitu." Tulingoja hadi jioni. Barafu ya kupozea chanjo iliyeyuka, na Daktari Amran, daktari wetu wa mifugo, akaitupa chanjo yote mwenyewe, chupa moja baada ya nyingine. Mbuzi wa mzee Khalif wameanza kukohoa. Waliobaki wazima wanatungoja Jumatano tarehe 5 Novemba, na baada ya hapo mvua itafunga njia.

Kulow hajaomba radhi, wala hatuoni dalili kwamba ataomba. Lakini injini ya zamani haikutupwa. Iko stoo chini ya turubai, na tangu tulipotoka Kotile kuna mtu anayeipaka grisi kila asubuhi. Ufunguo wa stoo anao mtu mmoja tu, na leo atatakiwa aukabidhi.

Asiukabidhi. Fundi Kulow, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu, kwa gasketi za ngozi na kwa mkeka wa Bilan. Hakuna mwingine anayejua kuirudisha injini ile mahali pake. Tunakutakia maisha mema, yaanze Jumatano tukishamsikia Ayeeyo akikohoa. Jumatatu saa mbili asubuhi njoo na spana zako. Mimi nitakushikia taa, na bado nitakuwa nimekasirika.