Dirisha Lililobaki Chini

Ndugu zangu, nimeomba nisimame pale pale niliposimama mwaka jana nikimsema mwenzangu vibaya. Wengi wenu mlikuwepo.

Mnajua kazi yangu hapa Buffalo: kutunza majina ya watu wetu tuliowazika kule nyumbani, ili yasomwe kila mwaka siku ya kuwakumbuka. Masomo yangu yaliishia darasa la pili, lakini jina likiingia kichwani humu halitoki. Binti yangu wa Hilliard, kule Columbus, anatengeneza programu za kompyuta. Akanitengenezea moja ya kuwekea majina hayo. Kuandika, bon, nilisaidiwa na mama mmoja wa hapa mtaa wa East Side, rafiki yangu tangu kambi ya wakimbizi.

Asubuhi moja akaja tuandike watu wa nyumba yangu. Nikabonyeza picha ya programu. Ikachelewa. Nikabonyeza tena, mnanijua sina subira. Akaandika mume wangu na watoto wangu watatu. Akahifadhi, akafunga, akaenda kazini. Kugeuka, naona kwenye kompyuta dirisha la majina bado liko wazi. Nikasema, huyu mama hafungi vitu vizuri. Nikahifadhi, nikafunga mwenyewe.

Siku ya kusoma, karatasi iliyotolewa kwenye programu ikafika mwisho bila mume wangu, bila watoto wangu. Nikamtaja kwa jina mbele yenu: "Wewe ndiye umewafuta. Ulitaka watu wako peke yao wasomwe."

Akajibu polepole, "Mama, niliwaandika. Uliniona."

"Niliona vidole. Moyo wako sikuuona."

Mwezi haukuisha, akahamia kwa mwanawe Louisville.

Krismasi binti yangu akaja. "Mama, fungua nione." Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Akanishika mkono. Akasogeza dirisha, na chini yake likatokea jingine, sawasawa na lile. Akanieleza: tuliandika katika la juu, la chini lilibaki na orodha ya zamani, na nilipolihifadhi, ya zamani ikafunika mpya. Donc niliyewafuta ni mimi. Mkono huu.

"Na mimi nina kosa," akasema. "Programu ilitakiwa iangalie kwanza kama dirisha limeshafunguliwa."

Akarekebisha kabla bugali haijaiva. Sasa bonyeza hata mara kumi, linakuja mbele lile lile moja. Lakini maneno yangu ya hapa, nani atayarekebisha?

Nikapanda basi mpaka Louisville. Alinifungulia, akanipa chai, akasikiliza yote. Akasema, "Majina ya wafu unayashika yote. La kwangu mimi niliye hai ukalitupa." Kisha akasema, "Nimekusamehe. Ila kurudi kukaa kati ya wale walionitazama siku ile, siwezi."

Namshukuru kwa ile chai. Namshukuru binti yangu, aliyekubali kosa lake dogo mpaka nikaliona langu kubwa. Nanyi asanteni kwa kunivumilia. Nawaambia, mama zangu, kitu kikipotea, anza kuangalia mkono wako mwenyewe kabla hujamnyooshea mtu kidole.

Mmeona leo sikumtaja jina. Sijalisahau. Nililitaja hapa mara moja kwa ubaya, nikamwomba ruhusa nilitaje tena kwa uzuri. Bado hajanijibu.