Vitambaa Vyeupe

Kwenye basi la Soria, abiria wawili wasiojuana walikuwa wanamjadili Eloy, winga aliyetangaza kustaafu wiki ile. Nyuma yao alikaa Bi Visitación, mama yake Eloy, akiwasikia.

"Jamaa alikuwa na mbio, mzee, usimwonee," alisema kijana.

"Mbio za kwenda wapi? Krosi zote anawapigia mashabiki!" Mzee alitema ganda la alizeti. "Siku ile anatolewa, uwanja mzima tulimpungia vitambaa vyeupe: potea, hatukutaki! Akaisha palepale. Alivyocheza ovyo, hata mama yake mzazi angepunga!"

Wakacheka wote wawili.

Bi Visitación hakuwahi kwenda mpirani ila siku hiyo. Kijijini kwao vitambaa vyeupe hupungwa kwenye mchezo wa mafahali, kumsifu aliyecheza vizuri. Alipouona uwanja umegeuka mweupe, alilia kwa furaha, akasimama, akapunga chake kuliko wote. Eloy alitazama juu, akamwona, akainamisha kichwa. Mpaka leo hajamuuliza mama yake kwa nini alipunga.

Basi lilisimama. Eloy alikuwa kituoni anamsubiri, akampungia mkono. Mkono wa mama yake ulikataa kuinuka.