Samaki wa Mti wa Kerttu

Kwenye basi la kwenda Ziwa Saimaa watu huwa hawaongei. Kwa hiyo Siiri alipowasikia wawili wasiojuana wakibishana kwenye kiti cha mbele, aliacha hata kutafuna mkate.

"Mama, hicho chambo chako kinavuta kushoto," alisema mzee mwenye koleo la kukunjia waya mkononi. "Ukikikokota nyuma ya mashua kitajisokota na mishipi mingine. Lete niukunje huo waya wa mdomoni, kidogo tu!"

"Thubutu!" Kerttu, mwenye chambo, akakikumbatia kisamaki chake cha mti. "Marehemu mume wangu alikichonga hivihivi, na samoni wanakifuata kama wana wazimu! Nakifunga mshipi wa kushoto kabisa, kivute kinakotaka."

"Na ukikata kona, hakitaivuka mishipi mingine?"

Kerttu akakigeuza kisamaki mkononi. Mashindano ya uvuvi yangeanza saa tatu asubuhi, na chambo kingine hakuwa nacho.

"Nitakata kulia tu!"

"Siku nzima? Utazunguka kama kuku aliyelewa!"

"Nitazunguka na samoni wangu!"

Basi likasimama ziwani. Mzee akafungua koleo, akanyoosha mkono apewe chambo. Dereva, ambaye Siiri alikuwa hajawahi kumsikia akitoa hata salamu, akageuka na kupaza sauti: "Mama, usimpe!"