Kontena Alitembea Hanoi na Nani

Benchi la Orpa, hapa Butembo, lina miguu mitatu na tofali moja, na ukikaa upande wa tofali usicheke sana. Hapo ndipo kesi zote za mtaa hukatwa kabla hazijafika kwa chifu, kwa padri wala kwa pasta. Orpa anamimina kahawa, haulizi; akichoshwa na ujinga wa wateja wake anafunika thermos, na kesi imekwisha. Mahakimu ni wawili. Wa kwanza ni Ésaïe, mwalimu mstaafu, wanamwita Methali, kwa sababu hajawahi kutumia methali hata moja mahali pake. Wa pili ni Malachie, fundi wa pikipiki, wanamwita Buji, yaani plagi, maana ukimgusa kidogo tu anatoa cheche.

Alasiri hiyo mshtakiwa alikuwa Siméon, mwenye nyumba na depo la sufuria ng'ambo ya barabara. Jina lake la benchi ni Kontena. Tangu ujana hakuwahi kukanyaga mji asinunue kitu. Kasindi alinunua, Kampala alinunua, Dubai alinunua. Hata Manguredjipa, alikokwenda kumzika shemeji, alirudi na madumu sita ya mawese. Sasa mwezi uliopita alikwenda Uchina kuagiza sufuria, kiwanda kikamwambia angoje siku nne. Badala ya kungoja hotelini akitazama dari, akapanda ndege hadi Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, mji wa miaka elfu na zaidi, akatazama, akarudi. Hakuleta hata kijiko.

Florentine, mkewe, mama wa binti yao Eliane, alimuuliza mara moja tu alikwenda kufanya nini. Naye kwa kinywa chake mwenyewe akajibu: kutembea.

Ee Mungu wangu. Neno kutembea, huku kwetu, halipendi kukaa peke yake. Ukiliacha hivi hivi linajitafutia "na", na ile "na" inajitafutia mwanamke. Florentine hakupiga kelele. Alimwonyesha depo. Leo ilikuwa siku ya kumi na moja Kontena analala katikati ya sufuria, na kila akigeuza ubavu zinalia kama kengele za kathedrali, mtaa mzima unajua amegeuka. Mwishowe Florentine akatoa sharti: kama lile benchi, ambalo haliamini hata kalenda, litaamini kwamba mtu wa Butembo anaweza kwenda mbali vile kwa ajili ya macho tu, basi arudi kitandani. Angekuja saa kumi kusikia hukumu.

Saa tisa ilikuwa imekwisha pita. Kontena akavuta pumzi, akaanza na pikipiki. Akasema Hanoi zimejaa kama siafu, na hakuna inayosimama kukupisha.

— Ngoja kwanza, patron, Buji akamkata. Ulipanda ndege juu ya kuenda kuona pikipiki?

— Mais kule banavuka tofauti. Unaingia mu barabara pole pole. Hapana kimbia, hapana simama, hapana rudi nyuma. Zenyewe zinakuzunguka, sawa vile maji inazunguka jiwe.

— Njo ile banasema, Methali akaunga mkono, maji yakimwagika hayazoleki.

Wote wakatikisa kichwa kwa heshima, hakuna aliyeelewa. Buji yeye alikuwa na maoni yake: mtu anayevuka vile si mtalii, ni marehemu. Huyu aliyekaa hapa ni mzimu wa Kontena, na ndiyo maana hakununua kitu, kwani mzimu hana mfuko.

Kontena akahamia kwenye kahawa. Kule, akasema, wanapiga kiini cha yai na maziwa matamu ya kopo mpaka povu lisimame, halafu wanalimimina juu ya kahawa. Orpa, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumatatu, akainua uso.

— Yai mu kahawa?

— Mama Orpa, iko tamu.

— Kwangu yai inaenda chini ya kuku.

Akakiondoa kikombe cha Kontena taratibu, kama unavyomwondolea mgonjwa kisu.

Basi akawaeleza juu ya chuo cha kale cha mji ule. Waliofaulu mtihani wa mfalme, majina yao yamechongwa kwenye mawe, na kila jiwe limebebwa mgongoni na kobe wa jiwe. Kobe themanini na wawili. Methali, aliyefundisha miaka thelathini na minne, akaweka kikombe chini.

— Sasa ninaelewa. Miaka yote batoto betu banangojea diplome zitoke Kinshasa. Nilikuwa najiuliza zinabebwa na nani.

Buji akachukua hapo hapo. Diplome ya kwake, alisema, bila shaka ilishapita Kisangani, kobe amekwama kwenye tope, na akifika atampa kahawa. Bila yai.

Kesi ikaonekana inanyooka. Kontena akajisahau, akaongeza habari ya ziwa lililo katikati ya mji. Wanasimulia kwamba mfalme wa zamani alipewa upanga, akawafukuza adui. Vita vilipokwisha, kobe akatoka majini, akaomba upanga urudishwe, na mfalme akamrudishia.

Benchi likaacha kutikisika. Hata tofali likatulia.

— Vita iliisha, Buji akasema pole pole, na mwenye silaha akairudisha.

— Njo vile.

— Yeye mwenyewe. Bila kamisyo ya kukusanya silaha, bila semina.

— Kobe alimuomba tu.

— Patron, yai nilikubali. Hapa sasa unadanganya.

Methali akatafuta methali, akakosa hata ya kukosea. Kontena alihisi sufuria zikimwita. Ndipo akatoa telefone, akafungua picha. Huyo hapo, mzima kuanzia upara hadi viatu, amesimama kando ya kobe wa jiwe, anacheka kama siku ya ndoa yake. Telefone ikapita mkono kwa mkono. Buji akamkuza kobe kwa vidole viwili, akamkagua kama karburata, akatangaza kwamba mutu wa dhambi hafungi vifungo vyote vya shati. Methali akahitimisha: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, huyu alikaa nne na hawakumpa jembe, kwa hiyo ni mtalii kweli. Kontena akaanza kusikia harufu ya mashuka yake.

Florentine akafika, akawasalimu kwa Kinande, hakukaa.

— Mama Eliane, tumekata kesi, Buji akamwambia. Alitembea bila "na".

Mama akaichukua telefone. Akaitazama, akaisogeza karibu na macho.

— Papa Eliane, nani alikupiga hii picha?

Kontena akafungua kinywa. Jibu lilikuwa jepesi, na lilikuwa la kweli: mukaka wa miaka themanini, bibi asiye na meno, aliyekuwa anafagia uwanja, na aliyemkata kichwa mara mbili kabla ya kupata picha nzuri. Lakini kila alivyoligeuza, lilianza na "mwanamke mumoja", na lililia kama sufuria.

— Na hii kivuli hapa chini, ya kofia kubwa?

Benchi likainama. Kweli, miguuni pa Kontena kulikuwa na kivuli cha aliyepiga, na hakuna hakimu aliyekuwa amekiona. Buji akatazama mawingu. Methali akasema kwa sauti ndogo:

— Ni kobe.

— Ya themanini na tatu, Buji akasaidia.

Orpa akafunika thermos.

Florentine akavizia nafasi, akavuka barabara na telefone mkononi. Kontena alipotaka kumfuata, pikipiki zikafunga njia, watu wanatoka sokoni. Akasimama. Kisha akaingia vile vile, kwa hatua za Hanoi: hakukimbia, hakusimama, hakurudi nyuma. Walimtukana kwa Kiswahili, kwa Kinande na kwa Lingala. Lakini walimzunguka.

Katikati ya barabara akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hana tena cha kupoteza:

— Ni mukaka mumoja, Florentine. Alikuwa anafagia.

Ng'ambo, Florentine akainua telefone. Benchi zima lilidhani anaitupa. Akaielekeza kwa mumewe, akangoja pikipiki moja ipite, akabonyeza.

— Hii picha ya leo, akasema, bakikuuliza, utajua nani alipiga.