Mwalimu Émile Wilondja na Jina la Kumi na Mbili

Miaka saba Mama Fortunée amebeba neno moja moyoni, na leo lisemwe mbele ya jeneza la bwana yake, Mwalimu Émile Wilondja. Dedan, msimamizi wa wafanya usafi kwenye chuo kimoja cha Fort Worth, alimwambia marehemu mbele ya wenzake: "Wewe mwalimu wa wafu, rudi kwa ndoo yako." Watu wakacheka. Dedan yupo, amekaa kiti cha nyuma. Akae hapo hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 huko Baraka, Fizi. Alisomea ualimu Uvira, akafundisha mpaka vita vya 1996 vilipomtupa yeye na jamaa yake ng'ambo ya ziwa, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Alimuoa Fortunée mwaka 1974. Siku hiyo alisimamisha harusi karibu saa nzima kwa sababu mchungaji alisahau kuandika jina la shahidi mmoja. Wali ukapoa, wakwe wakanuna. Hapo ndipo bibi harusi angepaswa kujua anaolewa na mtu wa namna gani.

Walifika Texas Juni 2011. Mwalimu mzima akapewa mopu kwenye chuo kile. Kwenye korido yake kulikuwa na picha ya timu ya chuo iliyochukua ubingwa mwaka 1909, ule mpira wao wa kushika na mikono ambao bado wanauita futiboli. Wanaume kumi na wawili, majina kumi na moja. Kila akipangusa kioo kile, anarudi nyumbani analalamika. Kwetu matangani, picha ikiwekwa, kila aliyemo anatajwa. Kumruka mtu ni kutukana ukoo wake. Fortunée akamwambia yule mzungu ana ndugu zake, yeye aangalie magoti yake. Wapi! Saa ya kula yuko maktaba, anasoma magazeti ya zamani ya chuo, mpaka akaona aliyewapa ushindi mechi ya mwisho ni Orville Tackett, na Tackett chini ya picha hayupo. Binti yake Kethia akapigia simu akina Tackett wote aliowapata. Bibi mmoja wa Houston akasema huyo babu yake: baada ya ubingwa alimtukana mkuu wa chuo, wakamfukuza, na jina wakalifuta. Émile alimwomba Dedan aifikishe habari ofisini, ndipo akajibiwa lile neno la ndoo. Akaanza kuandika barua mwenyewe, kila mwaka.

Figo zilimshika 2022. Hata kwenye mashine ya kusafisha damu alikuwa anaandika. Alifariki Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2025, hospitalini Arlington. Ameacha mke, watoto watatu, Kethia wa Plano, Alain wa Katy na Nathanaël, na wajukuu tisa wanaojibu kwa Kiingereza hata ukiwaita kula.

Juzi Alhamisi chuo kikaita. Mkuu mpya wa maktaba alikuwa amesoma barua zote, kibao kipya chenye majina yote kumi na mawili kimechongwa, wakaomba mjane akiweke. Dedan ndiye ali-drive, njia nzima, "Mama Kethia, nisamehe." Kibao kilipokaa ukutani, Fortunée akamwambia: "Taja wote." Dedan akataja, wanafunzi wamesimama. Alipofika kwa Tackett akashusha sauti.

"Huko nyuma hawajasikia," Mama akasema. "Anza tena."

Akaanza tena, wa kwanza mpaka wa kumi na mbili.

Mwalimu Émile na alale sasa, kwa amani ya Mungu.