Kahawa ya Njia

Mpaka leo hakuna anayejua kwa nini Hawa hanywi kahawa yake mwenyewe. Aliipika kila asubuhi kwenye kijiwe cha parkingi ya malori yaendayo Beni, mjini Butembo. Dereva akiagiza "kahawa ya njia", alisagiwa aspirini mbili ndani ya kikombe ili mgongo uvumilie mashimo. Wakimuuliza mbona yeye hagusi, alicheka tu.

Asubuhi hiyo Lusenge, dereva, alikaa hapo kikombe mkononi, hajalala. Binti yake Kyakimwa alikuwa hospitalini, miguu imejaa vidoa vyekundu, pua inatoka damu isiyokatika. Lusenge alikuwa ameambiwa kwamba ugonjwa umemmalizia binti plaquettes, zile chembe zinazogandisha damu.

Mbusa, mnywaji mwenzake wa kahawa waliyemwita Docteur, alieleza kwamba chembe hizo hutengenezwa na ini, kwa nguvu ya maharagi. Zorobabel, dereva mwingine, jina lake la kijiweni Frein, yaani breki, akapinga: ni jasho lililorudi ndani. Docteur akaongeza kwamba mwezi ukiwa mpevu chembe hizo hupanda kichwani.

— Docteur, weye ulikuwa unauzisha dawa ya panya, Frein akamkumbusha.

Pikipiki ikasimama. Nadège, muuguzi wa Kyakimwa, akashuka akimtafuta Lusenge. Alikuwa amesikia ya mwisho.

— Zinatengenezwa mu mifupa, papa. Mule mu moelle, ule uboho wa ndani, kuko seli kubwa-kubwa, zinameguka vipande vidogo.

— Mu mifupa? Frein akauliza, akishika goti lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

Nadège akaendelea kueleza. Mshipa ukitoboka, vipande hivyo hukimbilia tundu, hunatana, huliziba. Havidumu, na hospitali haikuwa na akiba. Ilitakiwa damu ya mtu, ya leo hii.

Lusenge alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati. Docteur na Frein wakasimama naye.

— Ngojeni kwanza. Nani hapa hajameza aspirine juma hii?

Docteur na Frein wakakaa tena.

— Ile dawa inaharibu plaquettes, Nadège akasema. Zinabaki mu damu, mais hazishikane tena, mpaka mifupa itengeneze zingine.

Lusenge akatazama kikombe chake. Kilikuwa cha tatu tangu alfajiri.

— Donc mimi, baba yake, siwezi.

Hawa akaweka birika chini.

— Mimi hapana nakunywaka, akasema.

Ikaamuliwa pale pale: Hawa apimwe, na damu ikifaa atoe yeye, kahawa yote yenye aspirini imwagwe. Frein aliimwaga mtaroni. Hawa alipanda pikipiki nyuma ya Nadège, damu yake ikafaa, akatoa. Jioni pua ya Kyakimwa ilikauka.

Kesho yake Hawa aliwasha jiko, akapika kahawa isiyo na kitu ndani, akawamiminia wote. Yeye hakuinywa.